Mnong'onezaji Asiyevumilia Kimya

Sehemu ya Saba

Ko. Ko. Ko.

Fimbo ya Inspekta Valadares iligonga mbao za jukwaa mara tatu, kama ilivyo desturi ya majumba ya michezo ya Lisbon, na mablanketi mawili ya gereza yaliyoshonwa kuwa pazia yakavutwa pembeni.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wengine wenu hamkulala vizuri. Poleni. Mzee Hermínio naye hakulala, na sababu yake inazishinda zenu. Yumo shimoni chini ya jukwaa, kichwa kimechomoza kama cha kobe, mdomo umejaa mkate wa mahindi. Mdomo huo ukimponyoka leo, binti yake Graciete atapandishwa meli Jumamosi kupelekwa kambi ya visiwani, kule ambako mtu huenda na barua zake hurudi.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimfikia limefungia maandazi, nakumbusha upesi.

Kundi la michezo la Mtaa wa Bica lilionyesha mchezo wa mbuzi aliyechaguliwa kuwa meya. Mbuzi alivaa miwani. Mkubwa mmoja serikalini naye huvaa miwani. Kesi iliishia hapo. Wote wakasombwa hadi Ngome ya São Bráulio: Bi Leocádia, malkia wa jukwaa; Quirino, mchekeshaji; Mzee Hermínio, mnong'onezaji, yule anayekaa shimoni na muswada ili mwigizaji akisahau maneno ayaokote kutoka chini; na mbuzi mwenyewe, Baronesa, ambaye jalada linamtaja hivi: mshtakiwa wa nne, kazi yake mbuzi, amekataa kutoa maelezo.

Polisi walikosa kitu kimoja tu, jina la mwandishi. Lilikuwa ukurasa wa kwanza wa muswada, na ukurasa wa kwanza Baronesa aliutafuna njiani, ndani ya gari la polisi, mbele ya askari wanne.

Kilichobaki ni kurasa sitini zilizoshonwa kwa uzi wa kijani, mshono wa msalaba wenye fundo mara mbili. Inspekta alikata kipande cha uzi ule akakiweka mfuko wa saa.

Aliyeshona ndiye aliyeandika. Graciete, mshona mavazi wa kundi, ambaye siku ya msako polisi walimpita mlangoni wakidhani amekuja kuchukua nguo za kufua. Anayejua ni baba yake peke yake.

Na baba yake ana ugonjwa.

Miaka thelathini na moja shimoni imemfanya Mzee Hermínio asiweze kuvumilia kimya cha mtu aliyepaswa kusema. Kimya kikianguka, midomo yake inacheza yenyewe. Siku ya harusi yake bibi harusi alikawia kidogo mbele ya padri, naye akamnong'onezea, "Nakubali." Marehemu mkewe hadi anaingia kaburini alishikilia kwamba yeye hakukubali chochote, alisomewa.

Inspekta aliugundua ugonjwa huo mwezi uliopita, alipokuwa anamhoji Quirino. Akamuuliza jina la mama yake. Quirino akanyamaza kwa kiburi. Kutoka benchi la nyuma, alikokuwa anasubiri zamu, Mzee Hermínio akanong'ona, "Etelvina." Kazi ya baba? Kimya. "Kinyozi," ikatoka benchini.

Inspekta akaweka kalamu chini. Akamtazama mzee kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba ya jirani.

Alikwenda nyumbani akatunga mchezo. Aliuita "Ungamo", maonyesho matatu, kurasa arobaini, na mstari mmoja tu wa maana. Ulikuwa wa Bi Leocádia: "Mwandishi wa mchezo wa mbuzi ni", kisha nukta kumi na mbili. Bi Leocádia hakujua jina. Hakuhitaji kulijua. Kazi yake ilikuwa kufika kwenye nukta na kunyamaza. Yaliyobaki angeyafanya mzee wa shimoni.

Bi Leocádia hakubembelezwa sana. "Miezi minne sijasimama jukwaani, afande," alimwambia. "Hata ungenipa jukumu la kabati ningelikubali. Ila huyu mwanamke wako analia kila ukurasa, kwani ana ugonjwa wa macho?"

Quirino akapewa kuwa Askari wa Kwanza. Akalalamika kwamba kombati ya maigizo inambana kwapani, ikabidi askari wa kweli amvulie ya kwake na kuvaa nguo za mfungwa. Jukumu la Mhoji halikupata mtu. Basi Inspekta akasema, huku akiwa mwekundu hadi masikioni, kwamba kwa ajili ya taifa atalicheza mwenyewe.

Sasa turudi kwenye pazia.

Mbele, kwenye kiti pekee chenye mto, alikaa Kanali Bettencourt kutoka makao makuu. Alikuwa amealikwa kwa barua rasmi. Nyuma yake askari ishirini. Pembeni, karani Abílio na mashine yake ya taipu, kwa sababu kanuni ya ngome ile husema kila neno litokalo mdomoni mbele ya mashahidi lipigwe taipu wala lisifutwe. Kanuni hiyo aliitunga Valadares mwenyewe. Siku ilipoanza kutumika alizunguka ofisi zote akakusanya vifutio, akavifungia ndani ya kopo la biskuti.

Inspekta akaingia jukwaani kwa mguu wa kulia.

"Mshtakiwa," alisema, "macho yako yananena kile ambacho ulimi wako unakizika."

Kanali akapiga mwayo wa kwanza.

Bi Leocádia alifanya alichoweza. Alilia ukurasa wa kwanza, akalia wa pili, wa tatu akaamua kulia kwa jicho moja ili asichoshe watu. Quirino, ndani ya kombati ya kweli, alisimama wima mno hadi askari wawili ukumbini wakampigia saluti.

Kufikia ukurasa wa kumi na sita Bi Leocádia akapiga magoti. Shimoni, Mzee Hermínio akaona nukta zinakuja. Akausukuma mkate nyuma ya meno, akabana midomo, akashika ukingo wa shimo kwa mikono miwili.

"Mwandishi wa mchezo wa mbuzi ni," alisema Bi Leocádia.

Akanyamaza.

Ninyi mnaosoma mmekaa, mna chai yenu, hamwezi kujua kimya kile kilikuwaje. Mzee Hermínio alikisikia kinaingia kwa masikio kama maji. Nukta ya kwanza. Ya pili. Shingo ikamvimba. Jina la binti yake likapanda kutoka tumboni, likagonga mkate, likarudi. Nukta ya nne. Likapanda tena.

Na hapo ndipo mzee alipogundua kosa lake. Mkate ule alioletewa Jumatano aliuoka Graciete, na Graciete anaoka vizuri. Mkate wa mwanamke mvivu ungekaa mdomoni hadi Krismasi. Huu ulikuwa laini, una asali kidogo, nao ulikuwa unayeyuka.

Nukta ya saba. Ya nane. Mkate umekwisha.

Inspekta alikuwa ameinama mbele, ameacha mdomo wazi, anamsubiri mzee. Kanali akaacha kupiga miayo, akamtazama Inspekta. Askari ishirini nao wakamtazama Inspekta. Karani Abílio akainua vidole juu ya mashine, akamtazama Inspekta.

Ndipo Inspekta Valadares akakumbuka kwamba naye ana mstari wa kusema, na kwamba haukumbuki.

Sikuwahi kuwaambia haya, nilikuwa nawawekea. Akiwa na miaka kumi na tisa Teodósio Valadares alikwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo cha uigizaji. Alisimama mbele ya waamuzi watatu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aliendelea kusimama hivyo, mdomo wazi, hadi mfagiaji alipozima taa. Wiki iliyofuata akajiunga na polisi, mahali ambapo maneno huyatoa mtu mwingine.

Sasa zilikuwa taa zile zile. Jasho lilimtoka chini ya kofia, likapita jicho la kulia, likaning'inia puani.

Shimoni kulikuwa na vimya viwili kwa mpigo, cha Bi Leocádia na cha Inspekta, na mdomo mtupu. Lazima mmoja apewe maneno. Lakini kila mnong'onezaji hufundishwa jambo moja siku ya kwanza: wakinyamaza wawili, mwokoe anayetoka jasho.

Mzee Hermínio akageuza kichwa kwa Inspekta. "Usiponiambia wewe," akanong'ona, "kuta zitaniambia."

"Usiponiambia wewe, kuta zitaniambia," alisema Inspekta, na uso wake ukajaa shukrani ambayo haijawahi kuonekana kwa mtu wa idara ile.

Mstari uliofuata nao ulikuwa umeyeyuka. Akasogea hatua moja karibu na shimo. Mzee akampa. Akausema. Akasogea tena. Mzee akampa mwingine, naye akaudaka kama kinda la ndege, bila kuutafuna.

Mzee Hermínio ni mtu mpole, hajawahi kumwibia mtu hata kiberiti. Lakini alimtazama yule bwana mkubwa aliyening'inia juu ya shimo lake, macho yamefumba nusu, akisubiri neno lolote litakaloletwa. Akafunga muswada.

Kwanza akajaribu.

"Kiatu cha kushoto kinanibana," akanong'ona.

"Kiatu cha kushoto," alisema Inspekta, akaweka mkono kifuani, "kinanibana."

Mashine ya Abílio ikalia ta-ta-ta. Quirino akaziba mdomo kwa kiganja. Bi Leocádia, ambaye hakuwahi kumwacha mwenzake peke yake jukwaani, akalia kwa ajili ya kiatu.

Mzee akavuta pumzi.

"Mwandishi wa mchezo wa mbuzi," akanong'ona, "ni mimi."

"Mwandishi wa mchezo wa mbuzi," alisema Inspekta Valadares kwa sauti iliyofika jikoni, "ni mimi."

Mtu angedhani angeshtuka. Hakushtuka. Mtu aliyesubiri miaka ishirini na sita kusikia sauti yake ikijaza ukumbi hana nafasi ya kusikiliza inasema nini. Na kutoka shimoni maneno yaliendelea kupanda, naye aliendelea kuyasema, mkono mmoja angani.

"Nimeuandika ofisini, saa za kazi, kwenye karatasi za serikali. Miaka yote nimesikiliza watu wakisema wasiyoyataka. Nikatamani, mara moja tu kabla sijafa, kumsikia hata mbuzi akisema anayoyataka."



Halafu askari mmoja nyuma, mtu wa milimani mwenye mikono kama majembe, akaanza kupiga makofi. Wakamfuata wote. Mpishi akatoka jikoni na mwiko wake. Uani Baronesa akalia, na naapa alilia pale pale zamu yake ilipofika.

Inspekta akainama. Akainama tena. Alipoinuka mara ya tatu, Kanali Bettencourt alikuwa amesimama mbele yake.

"Abílio," alisema Kanali, "umepiga yote?"

"Yote, mheshimiwa. Pamoja na kiatu."

Rangi ilimtoka Inspekta kuanzia paji la uso kushuka chini, kama pazia. Akasema kwamba mheshimiwa anaelewa, bila shaka, huu ulikuwa mchezo tu. Kanali akatoa barua mfukoni, akaikunjua polepole.

"Hapa umeandika, karibu ushuhudie ungamo la kweli. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa, lakini..."

"Basi nimekaribia."

Inspekta akamgeukia karani. "Abílio, futa."

"Kifutio unacho wewe, afande," alisema Abílio kwa huzuni. "Kwenye kopo."

Walimchukua palepale. Kwa haraka walimchukua na yule askari wa kweli aliyevaa nguo za mfungwa, ambaye hadi naandika haya bado anaeleza. Quirino, aliyevaa kombati, aliamriwa asindikize. Alifika hadi geti kuu, akafunguliwa, akapigiwa saluti. Kisha akakumbuka kwamba ameacha meno yake ya bandia selo, akarudi kuyachukua. Msiniulize. Mchekeshaji bila meno ni mtu wa kawaida tu, na yeye hilo hawezi.

Kanali aliacha amri fupi. Mwandishi amepatikana, mwandishi atasafiri. Meli ni Jumamosi.

Sasa selo namba tisa ilikuwa na watu watatu: Mzee Hermínio, Quirino mwenye meno, na Teodósio Valadares asiye na kofia.

Saa ya kwanza Valadares alizunguka akitukana. Alimwita mzee nyoka wa shimoni. Alisema atawafunga wote, na Quirino akamjibu kwa upole kwamba hilo tayari, afande, labda afikirie jingine.

Saa ya pili alikaa amewapa mgongo.

Saa ya tatu akasema, bila kugeuka, "Lakini nilikuwaje?"

Mzee na Quirino wakatazamana.

"Mikono, afande," alisema Quirino. "Mikono ilikuwa mingi. Unatumia mikono ya watu wanne."

"Na sauti?"

"Sauti ulikuwa nayo," alisema Mzee Hermínio, kwa sababu ilikuwa kweli, na katika kazi ile hata adui huambiwa kweli.

 Mlangoni ilipopita zamu ya chakula, Valadares alimsikia yule askari wa milimani akimrudia mwenzake maneno ya mbuzi, neno kwa neno. Quirino anasema masikio ya Valadares yalisimama kama ya sungura.

Jumatano ikafika. Jumatano ni siku ya vikapu. Familia huacha chakula getini, askari hupekua, hupunguza kidogo kwa ajili ya usalama wa taifa, kilichobaki hupanda juu.

Kikapu cha Mzee Hermínio kilikuja na katlesi za samaki wa chumvi, zeituni, mkate wa mahindi, vyote vimefunikwa kitambaa cheupe. Mzee ni mtu mwenye adabu. Mtu ukila naye chumba kimoja unamkaribisha, hata kama wiki hii amejaribu kumsafirisha mwanao. Akamkaribisha.

Valadares akala katlesi tatu. Akasifu. Akauliza kama anaweza kupata kitu cha kufutia vidole.

Quirino, mkarimu, akamrushia kitambaa.

Mzee Hermínio aliona kitambaa kikipita hewani, na kabla hakijatua alikwisha kujua. Pindo lilikuwa la kijani. Mshono wa msalaba. Fundo mara mbili.

Valadares alifuta kidole gumba. Akafuta cha shahada. Akasita hapo hapo. Taratibu, kama mtu anayechomoa mwiba, akaingiza vidole mfuko wa saa akatoa kipande cha uzi, akakilaza juu ya pindo. Usingeweza kuona kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

"Mzee Hermínio," alisema kwa sauti ya chini, "huyu binti yako anayeleta kikapu. Anashona?"

 Quirino alitazama kitambaa, akamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupata la kuchekesha.

Valadares alinyanyuka akagonga mlango kwa kiganja. "Askari!"

Hatua zikaja. Kidirisha cha mlango kikafunguka, likatokea jicho la askari wa milimani, na harufu ya kahawa yake ya shayiri.

"Ndiyo?" alisema askari. Halafu, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa inspekta yeyote, akaongeza, "Ndiyo, bwana mwandishi?"

Valadares alikuwa ameshika kitambaa mkono wa kulia na uzi mkono wa kushoto. Mdomo ulikuwa tayari wazi. Jina lilikuwa juu ya ulimi. Akilisema, Jumamosi atalala kwake, kofia yake kichwani, vifutio vyake kwenye kopo, na hakuna mtu duniani atakayemwita tena bwana mwandishi. Asipolisema, meli ni yake.

Mdomo ukabaki wazi.

Jasho likamtoka, likapita jicho la kulia, likaning'inia puani.

"Haya semeni basi," alisema askari. "Kahawa yangu inapoa."

Hakuna aliyesema. Kimya kikaanguka selo namba tisa, kizito, kizima, cha mtu aliyepaswa kusema na hana neno. Valadares akageuza shingo polepole, akamtazama mzee kwa yale macho yaliyofumba nusu. Alikuwa anasubiri apewe.

Na Mzee Hermínio, ambaye mkate wake ulikuwa bado kikapuni, akahisi midomo inaanza kucheza.